Bei ya Bunduki ya Emil

Mkono wa Harlan Dietz ulipoinuka, nilidhani anataka kuongezewa haluski, zile tambi zangu za kabichi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya sufuria, mwiko mkononi, medali ya bati ikining'inia shingoni kama kengele ya mbuzi, na watu walikuwa bado wananipigia makofi. Mimi, Bernadine Hudak, mpishi wa klabu, nilikuwa nimewashinda wanaume kumi na tisa kwa bunduki ya marehemu mume wangu Emil! Caz Wojtowicz, mwenyekiti wetu, alikuwa ameuliza lile swali la kila mwisho wa mashindano, "Haya, kuna anayenunua?" huku akikusanya karatasi zake, kwa sababu msimu mzima hakuna aliyewahi kununua kitu.

"Nainunua," Harlan akasema. "Ile ya Emil."

Makofi yakakatika. Mtu mmoja akacheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza.

Sikuwa na wa kumlaumu. Sheria ile niliitunga mimi.

Mchezo wetu ni wa watu watulivu. Unakaa mezani, bunduki ndogo ya kuwindia kindi umeilaza juu ya vifuko vya mchanga, kisha unajaribu kutoboa viduara ishirini na tano kwenye karatasi iliyo mbali mbele yako. Hakuna kukimbia wala kupiga kelele. Kwa miaka mingi tulikuwa tunakuja na bunduki tulizorithi kwa baba zetu, tunalenga, tunakula, tunatukanana kidogo, tunarudi nyumbani. Halafu Harlan akaja na bunduki ya kuchongewa na fundi.

Harlan si mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke mapema. Ni fundi wa matanuri ya kupashia nyumba joto, magoti yake yameishia kwenye sakafu za watu, na ile bunduki ndiyo anasa pekee aliyojipa maishani. Lakini bei yake ingenunua gari zima na matairi ya akiba. Alishinda mwezi wa kwanza, akashinda wa pili, akashinda mpaka tukazoea. Wawili watatu wenye uwezo wakamwiga. Wengine wakaanza kupungua mmoja mmoja, kimya kimya, kama wageni wanaotoroka arusi yenye chakula kidogo. Ilifika siku nikapika sufuria nzima ya haluski na walaji tukawa wanane.

Basi Januari ile Caz akaita mkutano wa kutunga sheria za vifaa. Wakaanza na uzito: bunduki isizidi kiasi fulani. Vizuri. Ipimwe kwa nini? Caz akaleta mizani yake ya samaki, Harlan akaleta yake ya kupimia nyama ya paa. Bunduki ileile ikafaulu kwenye moja, ikafeli kwenye nyingine.

"Mizani yangu haina kasoro!" Caz akafoka.

"Mizani yako imeshika tabia yako, mwenyekiti," Harlan akamjibu. "Tangu izaliwe haijawahi kupima samaki mdogo."

Ukumbi ukavunjika mbavu, ila uzito ukatushinda. Wakahamia kwenye darubini: isikuze sana. Mtu akauliza nani atachungulia kila darubini kuhakikisha. Wakahamia kwenye vifuko vya mchanga, wakahamia kwenye vifyatulio, na kila sheria iliyotajwa alikuwepo mjanja mmoja aliyekwisha kuona pa kupenya. Emil wangu alikuwa ameketi kando yangu, mrija wa hewa puani, mapafu yake yamekwisha kuliwa na vumbi la mgodini. Alikuwa hawezi kusema maneno mengi kwa mkupuo. Akanigusa kwa kiwiko. "Waambie," akasema. "Mbio za magari."

Nikasimama. Nikawaambia: kule bondeni, kwenye mbio za magari za uwanja wa udongo, ukishindana, mwenzako ana haki ya kuinunua injini yako kwa bei iliyobandikwa ukutani. Ndiyo maana hakuna anayeweka injini ya dhahabu. Nasi tufanye vivyo hivyo. Achaneni na mizani. Kila mtu aitengeneze bunduki yake atakavyo, ila yeyote aliyemaliza katika watano wa kwanza anaweza kununua bunduki ya mwenzake yeyote kwa dola mia nne, siku hiyohiyo. Ukikataa kuuza, mashindano haya hutashiriki tena.

Halafu Caz akapiga meza, na mikono ikainuka yote isipokuwa miwili mitatu. "Mnamwona niliyemuoa?" Emil akasema, akakohoa, akacheka, akakohoa tena. Sijawahi kumwona mtu akijivunia mkewe namna ile, na mbele za watu.

Harlan akaja mezani kwetu, kofia mkononi. Yeye na Emil walikuwa wameshuka mgodini pamoja wakiwa vijana, na tangu hapo aliniita shemeji.

"Shemeji, umenifukuza kwa adabu kabisa."

"Sijakufukuza. Nenda kanunue bunduki ya dukani, urudi."

"Ile nyingine nikaifanyie nini? Nichochee moto?"

"Hayo ni yako na moto wako," nikamwambia. Raha niliyokuwa nayo siku ile haikuniachia nafasi ya kumwonea mtu huruma.

Emil akafa Machi. Sitaki kuyaeleza sana hayo. Watu wa klabu walilibeba jeneza, Harlan akiwa wa mbele kushoto na magoti yake yale, na baada ya hapo nyumba ikawa kubwa. Nilikwenda klabuni kupika kwa sababu nisingepika kule nisingepika popote. Watu walikuwa wamerudi, ishirini, wakati mwingine zaidi, na bunduki za babu zao. Hata Harlan alirudi, amenuna, na kitu cha dukani ambacho hakukipenda.

Binti yangu wa Ohio alikuwa akinisihi nihamie kwake. Kufikia Oktoba nilikuwa nimekubali. Nikasema, kabla sijaondoka, niitoe ile bunduki ya Emil mara moja, ipate hewa. Ilikuwa bunduki ya kawaida kabisa, ila aliishughulikia majira ya baridi mawili kwenye meza yangu ya jikoni, akikwangua kitako mpaka mtutu ukakaa kama mtoto mgongoni, akisugua kifyatulio mpaka ukikigusa tu kinakubali. Tulikuwa tukilenga wote nyuma ya nyumba jioni, yeye na mimi. Sikuwa mgeni. Lakini kushinda! Hilo halikunipitia akilini, wala kwamba nikiiweka mezani nimeiweka na bei.

Ndiyo hivyo Harlan, aliyeshika nafasi ya tatu, akainua mkono.

"Acha upuuzi, Harlan," Caz akasema. "Hii ni ya mjane."

"Sheria imeandika wajane?"

"Tupige kura! Tumtoe Bernadine kwenye sheria."

Wakaanza kuinua mikono, maskini, kwa mapenzi. Nami niliwatazama nikaona jambo ambalo halikunipendeza. Kama mimi nimesamehewa, wiki ijayo atasamehewa mwenye bunduki ya babu, kisha mwenye bunduki ya mjomba, na haitapita miezi tutakuwa wanane tena na sufuria yangu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nilikuwa nimelisema neno hilo maisha yangu yote, na siku ile ndipo meno yake yalipopita nyamani mwangu mwenyewe.

Nikaenda kuichukua. Nikafungua komeo, nikahakikisha haina kitu, nikaiweka mezani mbele ya Harlan. "Dola mia nne," nikasema, na sauti yangu, namshukuru Mungu, haikunisaliti.

Harlan alinikuta garini. Nilikuwa nimeshika usukani, sijawasha, machozi yamekwisha kunifikia kidevuni. Akagonga kioo. Alikuwa ameikumbatia ile bunduki ndani ya mfuko wake.

"Chukua, shemeji. Nilikuwa na hasira. Nilitaka uone inavyouma."

"Nimeona."

"Basi chukua. Usinitese."

"Harlan, kila bunduki mle ndani ina marehemu wake. Ukinirudishia hii kwa huruma, nani atathubutu kununua tena? Sheria itakuwa imekufa, na Emil ndiye aliyenisukuma niitunge."

Alibaki amesimama, mvua nyembamba ikimwangukia kofiani. "Sasa nifanye nini?"

"Lenga nayo. Nitakuja kuinunua."

"Lazima uingie watano wa kwanza."

"Najua. Niliandika mimi."

"Na Ohio?"

"Ohio haina miguu," nikasema. "Haiendi popote."

Hee, majira ya baridi yale! Caz aliniazima bunduki iliyofungwa utepe kitakoni, ambayo hata kindi wangeicheka. Tulikuwa tunalenga tukiwa ndani ya banda, jiko la kuni likivuma nyuma yetu, karatasi ziko nje kwenye theluji. Mara ya kwanza nikawa wa kumi na moja. Nikarudi nyumbani nikapiga mlango wa friji teke. Mara ya pili Harlan akabeba kiti chake akakihamishia meza ya jirani yangu, bila kuniomba ruhusa, na bunduki ya Emil mbele yake.

"Unatazama karatasi," akanong'ona.

"Nitazame nini, dari?"

"Vibendera. Upepo ukisimama, kibendera cha katikati kinalala. Hapo ndipo pako. Kikiinuka, kaa kimya hata ukizeeka."

Sisi na Emil hatukuwahi kuweka vibendera. Nyuma ya nyumba yetu kuna ukuta wa misonobari. Nilikuwa na umri wa bibi na nilikuwa najifunza upepo upya. Harlan hakuwa mwalimu mpole. Akiniona nimeharakisha, alikuwa akiguna kama nguruwe, na mara moja nilimrushia kifuko cha mchanga. Lakini kila mwezi alikuwepo kabla yangu, jiko limekwisha kuwashwa, na mimi nilikuwa nikiamka Jumamosi nikiwa na mahali pa kwenda. Nikawa wa tisa, wa saba, wa sita. Ile nafasi ya sita ilinikosesha usingizi.

Watu walimshauri Harlan abadilishe kifyatulio cha ile ya Emil, apandishe darubini ya maana. Hakugusa hata skrubu.

Aprili nikawa wa nne. Caz alisoma majina, sauti ikimtetemeka kama anasoma wosia, kisha akauliza, "Kuna anayenunua?" na banda zima likageuka kunitazama.

"Nainunua," nikasema. "Ile ya Harlan."

Neno hilo, "ya Harlan," lilinitoka bila kupanga, na nikaona limemgusa. Akafungua komeo, akaiweka mezani mbele yangu, akabaki ameweka kiganja juu ya kitako.

"Kwenye baridi kali inavuta kushoto kidogo," akasema taratibu. "Risasi mbili za kwanza. Halafu inatulia. Emil alijua?"

"Alijua."

"Mzee yule! Miaka yote ile ananipa ushauri wa bure, na hilo hakunitajia."

"Hata mimi nililigundua mwenyewe," nikamwambia. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeamini kwamba mambo ya namna hiyo, hayo madogo ya Emil, yamebaki kwangu peke yangu duniani, na nikifa yameisha. Kumbe yuko mwingine. Alikuwa amekaa nayo Jumamosi kwa Jumamosi, shavu kwenye mti ule alioukwangua mume wangu, na ameyajua kwa njia pekee ya kuyajua. Nilimshukuru pale pale, kwa sauti, mbele ya wote, na nimemshukuru mara nyingi tangu siku ile. Akitaka kuniudhi husema anangoja risiti.

Usiku wa kuamkia mashindano ya Mei niliitazama ile bunduki kabatini. Ningeweza kuiacha. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuleta alichokipenda, na bunduki ya Caz bado ilikuwa kwangu. Asubuhi nikaiweka kwenye mfuko, nikaenda nayo.

Vibendera vilicheza kama watoto waliokula sukari, nikaharakisha, nikangoja pasipo na la kungoja, nikatoboa karatasi kila mahali isipokuwa panapotakiwa. Caz akasoma matokeo. Harlan Dietz, wa pili. Bernadine Hudak, wa kumi na nne.

"Haya," akasema, "kuna anayenunua?"

Nikashika ukingo wa meza. Hakuna mkono ulioinuka. Nikamgeukia Harlan, naye alikuwa ananitazama, amekunja uso kama anayefikiria sana.

"Ile ya Emil?" akasema. "Dola mia nne? Wa kumi na nne?" Akatikisa kichwa. "Shemeji, hata ukinilipa."

Banda likalipuka. Nami nikacheka, nikacheka mpaka nikaketi, mpaka Caz akaja kuuliza kama ninapumua. Sikuwa nimecheka tangu Machi ya mwaka uliopita.