Kauli ya Kutendwa

Jumatatu asubuhi Mwalimu Nukta aliingia chumba cha mikutano cha kiwanda cha sabuni, akajaribu kalamu zote za ubao, akakuta moja tu inayoandika, akaandika kwa herufi kubwa: NANI ALIFANYA NINI? Kisha akageuka kuwasalimu wanafunzi wake, ambao wengi wao hawakuonekana vizuri.

Hakushangaa. Alikuwa amefundisha mawasiliano ya kiufundi na ya kibiashara muda mrefu, na jina la Nukta alipewa na wanachuo kwa sababu sentensi ikizidi mstari mmoja na nusu aliikata bila huruma. Maofisi alishayazunguka. Alijua kwamba mtu akizoea kuandika "iliamuliwa" na "ilionekana vyema", mwili wake huanza kumtoka polepole. Hutangulia vidole, kisha mikono, kisha kitambi, ambacho huwa cha mwisho kukubali.

Meneja wa uzalishaji alikuwa amebakiwa na kichwa. Chini ya hapo palikuwa na suti nzuri iliyojikalia kitini yenyewe, na kijiko kilichokoroga chai bila kushikwa. Afisa rasilimali watu alikuwa miwani na sauti. Mkurugenzi hakuwa ameonekana tangu kiwanda kibadilishe nembo. Ilijulikana amefika kwa harufu ya manukato na mto wa kiti uliobonyea. Katibu muhtasi peke yake, kwa kuwa hakuwahi kuruhusiwa kuamua lolote, alionekana mzima mpaka alama ya chanjo begani.

"Karibu, Mwalimu," kichwa cha meneja kilisema. "Wateja wa nje wanalalamika hawaelewi ripoti zetu. Tunataka ziwe na mvuto."

Mwalimu Nukta alijibu kwamba wangeanza na maana, mvuto ungefuata ukipata nafasi. Walicheka kwa heshima. Hawakujua bado kwamba asingeikubali kazi ile kama si mdogo wake.

Mdogo wake, wa tumbo moja, alikuwa mkata miche ya sabuni pale pale kiwandani. Mashine yake ilishusha kisu juu ya sabuni ndefu na kuigawa miche, na mbele ya kisu palikuwa na kinga ya chuma ya kuzuia mikono. Kinga ile ilichelewesha kazi. Siku moja ikatoka, na baada ya hapo vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vikatoka pia. Ripoti ya ajali, iliyoandikwa na meneja wa uzalishaji na kugongwa muhuri na mkurugenzi, ilisema hivi: kinga iliondolewa, tahadhari haikuzingatiwa, vidole vilipotea. Vilipotea, kana kwamba vilitoka kwenda kutembea vikasahau njia ya kurudi. Katika ukurasa mzima mlikuwa na sentensi moja tu yenye mtendaji: "Mkata miche alizembea."

Tangu muhuri ule ugongwe, mdogo wake akawa anaonekana kupita kiasi. Ukuta haukumficha. Mkewe akiwa jikoni anapuliza moto, alimwona chumbani anavyohangaika na vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Akienda kuoga, majirani walioona aibu waligeuza viti vyao vikaelekea upande wa pili. Wifi yake Mwalimu alitundika blanketi, akaongeza na godoro. Wakamwona mumewe kupitia blanketi na godoro. Alipokwenda kuomba kazi kwingine, mlinzi wa geti alimwona anakuja kupitia maghala mawili, akawa ameshatikisa kichwa kabla hajasalimiwa.

Kozi ilikwenda vizuri. Waheshimiwa wale walijifunza haraka, kama watu wanaojifunza lugha ya nchi wasiyokusudia kwenda. Walitambua kiima. Walitenganisha taarifa na porojo. Afisa rasilimali watu aliandika barua ya kumwachisha mtu kazi kwa maneno mepesi na ya upole kiasi kwamba mwenyewe alitokwa na machozi, yakaonekana yakishuka hewani chini ya miwani.

Wakati wa chai meneja alimfuata Mwalimu dirishani. Alisema nyumbani mambo si mabaya, isipokuwa binti yake mdogo amezoea kuamkia koti lake hata likiwa limetundikwa ukutani halina mtu.

"Juzi lilikuwa limelowa," alisema. "Akaliletea taulo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi."

Mwalimu alimwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwonea huruma, na hakuipenda.

Siku ya mwisho aligawa karatasi. Kwa kuwa hazikupatikana nyingine, katibu muhtasi alileta zile zenye nembo ya kiwanda. Zoezi lilikuwa fupi: andika ripoti ya tukio la kweli, kila sentensi iwe na aliyetenda.

"Tukio gani?" meneja aliuliza.

"La kisu."

"Lile lilishafungwa, Mwalimu."

"Ndiyo maana linafaa kwa mazoezi. Halitasumbua kazi."

Kalamu ya meneja ilikaa hewani muda mrefu. Labda alikuwa anawaza taulo. Hatimaye ikashuka ikaandika: "Niliamuru kinga ya kisu iondolewe ili mashine iende haraka. Fundi mitambo alikataa. Nilimtishia kazi, akaiondoa." Kwa mazoea ya ofisini akatia sahihi chini.

Mikono ilirudi kwanza. Kucha zilikuwa ndefu na za ovyo, maana alikuwa akizikata kwa kubahatisha. Ikafuata pete ya ndoa, kisha kifua, na kitambi kikajaza shati kama mgeni anayerudi chumba chake. Meneja alijipapasa, akanyoosha mikono juu ya meza, akaitazama huku na huku.

Simu ya Mwalimu ikalia. Alitoka kwenye korido. Alikuwa wifi yake, anaongea taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Wifi, nilikuwa jikoni, nikaangalia ukutani nikaona ukuta. Nimekwenda kufungua mlango, nimemkuta amekaa kitandani."

"Analia?"

"Hapana. Ameniomba nifunge mlango tena. Anasema anataka kukaa tu."

Mwalimu aliegemea ukuta wa korido, akasikiliza pumzi za wifi yake mpaka simu ikakatika.

Aliporudi chumbani, meneja alikuwa anatazama sakafu. Chumba kile kilikuwa juu ya karakana, na mashine za chini zilikuwa zimenyamaza. Wafanyakazi walikuwa wameinua nyuso, wakimtazama kupitia zege kama watu wanavyotazama saa ya ukutani.

"Wananiona?"

"Wanamwona aliyeamuru."

Meneja alivuta kiti upande huu, wakageuza shingo upande huu. Alikirudisha, nao wakageuka.

"Mwalimu, sentensi hii haiwezi kukaa kwenye kauli ya kutendwa? Kwa ajili ya adabu tu."

"Adabu kwa nani?"

Alifikiri, na ilionekana wazi kwamba anafikiri, kwa kuwa sasa alikuwa na kipaji cha uso chenye mwili chini yake. Kisha akafungua chupa ya wino mweupe wa kufutia. Mwalimu akaishika karatasi.

"Yule mkata miche ni mdogo wangu. Tumbo moja. Ana mke na watoto, na ndiyo kwanza leo ukuta umemsitiri."

"Najua," meneja alisema kwa upole wa kweli. "Ilizingatiwa."

Neno lilipomtoka, vidole vyake vilikuwa vimeanza kwenda. Mwalimu alivuta karatasi, akahisi mkono wenye joto asiouona unamfungua vidole kimoja kimoja, bila ubaya wowote. Meneja aliandika upya. Kwenye "iliamuliwa" mikono ilikwisha, kwenye "ikaondolewa" kikaenda kifua. Safari hii alifanya kazi safi, na kichwa nacho kikaenda. Chini, mashine zikawashwa. Simu ya Mwalimu ikalia tena, na hakuipokea kwa kuwa alijua kilichoonekana.

Jioni ile, kabla ya kukabidhi kalamu, alichukua karatasi moja yenye nembo akaandika yeye mwenyewe nani aliamuru nini, kwa sentensi fupi, akatia sahihi. Ikabaki karatasi. Karatasi za kiwanda hazikutambua sahihi isiyo na mamlaka. Katibu muhtasi aliisoma yote, akamshika Mwalimu bega, akaiweka kwenye trei ya barua zilizopokelewa.

Kozi ilitangazwa kuwa imefana. Kiwanda kilichapisha Mwongozo wa Uandishi Bora, na jina lake Mwalimu likawekwa kwenye jalada bila yeye kuulizwa. Kauli ya kutendwa iliamriwa itumike kwa masuala yote ya uongozi. Kauli ya kutenda iliruhusiwa kwa nidhamu ya wafanyakazi wa chini.

Kisha mkurugenzi, au harufu yake, akapata wazo. Mtu anayeonekana kutoka kila idara ni rasilimali. Mdogo wake Mwalimu akaitwa kazini tena, akapewa sare mpya na kiti kwenye stoo ya katikati, awe tangazo la usalama. Hakutakiwa kufanya chochote, ila asizembee. Dada yake alimshauri akatae. Alimjibu kwamba watoto wanatakiwa kurudi shule, na kwamba huko nje anaonekana bure.

Hivyo sasa amekaa pale. Kwenye mashine ya kukata miche ameajiriwa mama mmoja mwenye mikono myepesi. Siku yake ya kwanza alimwona mdogo wake Mwalimu kupitia kuta mbili, akampungia. Yeye akampungia kwa mkono wa kulia, vidole viwili vimenyooka, akaendelea kupunga mpaka akaona kwamba yule mama amedhani ni salamu, si onyo. Mama akaegesha sabuni chini ya kisu. Pale penye nafasi ya kinga palikuwa pamebandikwa karatasi yenye nembo: "Kinga inatarajiwa kurudishwa."