Pale Kilipokuwa Kitanda

Zamda alikuwa na mkanda wa kijani kwa mwaka na nusu, muda mrefu kuliko mtu yeyote pale klabu ya taekwondo ya Manundu, Korogwe, na si kwa uvivu. Miezi minne na siku kumi ya muda huo alikaa eda. Mumewe Awadhi aliugua siku tisa tu, akazikwa kwao Kwaluguru, na Zamda akabaki hukohuko kwa mama mkwe wake, Bi Mwanaisha, katika chumba walichokuwa wakifikia kila walipokwenda kusalimia.

Ndani ya chumba hicho ndimo alimojifunzia fomu ya nne ya taekwondo. Fomu ni mfuatano wa kukinga, ngumi na mateke. Unaipiga peke yako kana kwamba maadui wamekuzunguka, na kila hatua ina mahali pake. Karatasi yenye michoro aliletewa na Mwalimu Mdoe wa klabuni siku ya tatu ya msiba, imekunjwa ndani ya bahasha ya rambirambi. Mwalimu wa watu alisema pole, akaaga. Basi kila baada ya Magharibi, mtoto wake Shamsia akiwa jikoni kwa bibi yake, Zamda alifunga mlango akaanza. Si kwamba alitaka. Mikono ilihitaji kazi. Hakuwa akilia wala kuwaza. Watu walisema kajaliwa subira, naye akawaacha waseme.

Chumba kilikuwa kidogo, na kitanda kilikaa katikati kwa sababu ukutani palipangwa magunia ya mahindi. Awadhi ndiye aliyekisogeza pale, mara yao ya mwisho kuja wakiwa wawili. Zamda hakukigusa. Sasa fomu ile ina mahali unatupa teke la ubavu kwa mguu wa kushoto, unatua mbele, papo hapo unatupa la kulia, unatua mbele tena. La kwanza lilienea. La pili lingetua juu ya kitanda, kwa hiyo alilitupa na kuurudisha mguu palepale. Na ule ukelele wa mwisho, unaotoka tumboni pamoja na ngumi, aliumeza. Mjane aliye kwenye eda angepiga ukelele chumbani, kijiji kizima kingejaa uani.

Eda ikaisha, akarudi Korogwe na Shamsia, na siku ya mtihani ikafika. Mwalimu Mdoe alikuwa anaanzisha darasa la wasichana na alitaka mwanamke wa kulisimamia, lakini lazima awe na mkanda wa bluu, unaofuata wa kijani. Bi Mwanaisha naye alishasema lake, bila ukali: akipata kazi hiyo abaki mjini na mtoto, Shamsia aendelee na chekechea, asipopata, arudi Kwaluguru walime pamoja. Zamda alijua kwamba alipaswa kuogopa. Aliutafuta woga, hakuuona ulipo.

Mtahini alitoka Tanga, mzee mfupi mwenye miwani, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ukumbi. Zamda aliinama, akaipiga fomu yote, mikono ikienda sawasawa, ya kukinga inakinga na ya kupiga inapiga. Alipomaliza, mzee hakuandika kitu.

"Teke la pili umelirudisha," alisema. "Kwa nini?"

Zamda alikuwa hajui kwamba amelirudisha. Ilibidi afikiri.

"Palikuwa na kitanda."

Mtu nyuma akacheka, Mwalimu Mdoe akamkata jicho. Mtahini alivua miwani, akaifuta kwa shati. Hakuuliza kitanda gani.

"Hapa hakipo, binti yangu. Rudia kabla sijaandika."

Akarudia. Alipofika pale, teke la kushoto likatoka, likatua. Mbele yake palikuwa na saruji tupu, naye aliliona blanketi la mistari, na upande wa Awadhi, na mto uliobonyea. Akatupa la kulia. Mguu ukashuka katikati ya blanketi. Saruji ilikuwa ya baridi, basi. Hapakutokea kitu kingine. Akaendelea hadi ngumi ya mwisho, na ukelele ukatoka mdogo, kama wa mtu anayefukuza kuku, lakini ukatoka.

Ikafuata kupigana. Alipangwa na Paulina, msichana mrefu wa kutoka milimani, miguu kama ya korongo. Wakati wanafungana kinga za kifua, Paulina akamnong'oneza kwamba leo hatamwonea huruma, amsamehe tu.

"Nani kakuomba?" Zamda akasema.

Walifundishwa kwamba mwenzako akiinua goti unarudi nyuma hatua moja, mguu wake upite hewani, ndipo unamrudishia. Zamda hakurudi. Kule chumbani, nyuma yake palikuwa na mlango. Mateke mawili yalimpata kifuani, akayasikia kama ngoma ya nyumba ya jirani. Goti la tatu lilipoinuka, aliingia ndani, kifua kwa kifua, na mguu mrefu wa Paulina ukakosa pa kunyookea. Zamda akampiga teke fupi la kuzunguka, mbavuni. Akaingia tena, akampiga jingine.

"Wewe dada," Paulina alisema wakiinamiana, anahema, "ulijifunzia ndani ya kabati?"

Midomo ya Zamda ilitaka kucheka. Aliishangaa.

Alipewa mkanda wa bluu kwa alama za kutosha tu. Aliufunga, akangoja furaha kidogo, haikuja, akatoka nje na simu. Kifua kilikuwa kimeanza kumuuma.

"Shikamoo, mama. Nimepata."

Bi Mwanaisha aliitikia, akamshukuru Mungu.

"Nilikuwa nakusikia kila jioni," alisema. "Miguu inakwenda, inakwenda, halafu mahali fulani inakatika. Nikajua ni kitanda. Magunia tumeshayala, mwanangu. Nimwambie shemeji yako Mhina akitoe?"

Shamsia alikuwa ameuzungusha mkanda wa kijani kichwani kama kilemba, anautembeza uwanjani. Zamda alimtazama akimaliza mzunguko mzima.

"Kisitoke, mama. Kisogezeni tu ukutani. Tukija Idi tutalala hapo, halafu nitakuonyesha ile sehemu iliyokuwa inakatika."