Mbuzi wa Ikutha Wasio na Vichwa

Kuanzia mwaka 1973, kila siku ya mnada wa mifugo Ikutha, Daktari Syombua alinunua vichwa vitatu vya mbuzi kwa Kiema mchinjaji kabla havijatiwa sufuriani.

"Daktari, wazee wananiuliza supu yao iko wapi," Kiema alisema. "Niwaambie imeenda shule?"

"Waambie itarudi na cheti."

Katika kituo cha utafiti alipasua mafuvu na kutoa tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya mbaazi. Alitaka kujua kwa nini mbuzi jike huacha kushika mimba kiangazi kikikaza. Hakuweza kutulia, hata chakula alikula akiizunguka meza. Mwaka wa tatu akapata jibu: ubongo ndio unaotangulia kusikia njaa, kisha unaiamuru tezi izuie homoni za uzazi.

Kila jioni ya mnada mbuzi wenyewe walikuja, bila vichwa, wakajipanga mlangoni pake. Walitaka kujua walikufia nini. Walisikia kwa kwato, kwa hiyo Syombua aliwasomea daftari huku akigonga sakafu kwa mguu. Akimaliza, walienda zao.

Kisha jarida lililochapisha utafiti wake likafika kutoka ng'ambo. Jina lilikuwa moja, la mkurugenzi wa kituo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, alishukuriwa bibi aliyetayarisha vichwa. Syombua aliwasomea mbuzi hilo pia, maana hakuwahi kuwaficha kitu. Safari hii hawakwenda zao. Asubuhi walikutwa wamelala mbele ya ofisi ya mkurugenzi, mia nne na zaidi.

Mkurugenzi akaagiza waondolewe. Muli, afisa wa mifugo, alikuja na kitabu cha vibali, akawazunguka mara mbili.

"Mkubwa, mbuzi hasafirishwi bila alama ya sikio. Na hawa, masikio siyaoni."

"Sasa?"

"Sasa wakae."

Wakakaa. Wageni waliotoka Nairobi kumtuza mkurugenzi waliwaruka, wakiinua suruali zao, wakaingia kupiga makofi. Syombua alipewa birika la chai apitishe.

"Mkubwa, jina langu," alisema alipomfikia.

"Toleo lijalo, Syombua. Upande ule hawajapata chai."

Mwezi uliofuata mkurugenzi alipandishwa cheo, akahamia Nairobi. Mbuzi walibaki.

Siku ya mnada Kiema alimkabidhi gunia. "Cheti kimekuja?"

"Kimekuja. Kina jina la mtu mwingine."

Kiema alifuta kisu polepole. "Wazee nitawaambia supu bado iko shule."

Jioni mbuzi watatu wapya walisimama mlangoni. Syombua akafungua daftari, akaanza kugonga sakafu.