Kidole Gumba Chini ya Tangi

Eliakim alimweleza mkewe kwenye simu, kutoka kazini kwake katika mji wa Savage, kana kwamba anamfundisha kuchemsha chai.

"Tangi la mafuta limeingia maji, Bupe. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanakaa chini, ndiyo yanayozima fanesi, nyumba inakosa joto. Shuka basement, kinga ndoo, fungua koki ya chini. Ukiona mafuta mekundu, funga. Ni hivyo tu."

Ni hivyo tu! Maneno ya mtu aliye mbali na tangi.

Nyumba yao ya Brooklyn Park, huko ughaibuni, ilikuwa imepoa tangu asubuhi, na mikono ya Tulia, kichanga wao, ilikuwa baridi hata ndani ya soksi. Bupe alimfunika, akamlaza sebuleni, akashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba. Juu, katika chumba cha wageni, alikuwamo baba mkwe wake, Mzee Mwakalinga, aliyetoka Tukuyu kuja kumwona mjukuu. Kwa desturi yao, mke wa mtoto haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Humwogopa, ndivyo wasemavyo. Tangu afike, mzee alikuwa akikohoa kabla ya kutoka chumbani, ili Bupe apate kujifunika kanga na kupisha. Katika nyumba ndogo vile, kila safari ya msalani ilikuwa na kikohozi chake.

Koki ilikuwa imeshika kutu. Bupe aliilegeza kwa spana, maji machafu yakaanguka ndooni, naye akafurahi. Mara yakaja mafuta mekundu. Akafunga, koki ikazunguka bure. Akakaza zaidi, ikakatika, ikambakia mkononi.

Akaziba tundu kwa kidole gumba. Mafuta yalipungua, hayakukoma. Ndoo ikajaa, yakaanza kutambaa sakafuni, na sakafu ile iliinamia upande wa hita ya maji, ya gesi, yenye mwali mdogo wa buluu unaowaka chini yake usiku na mchana. Alipaswa kuuzima kabla ya kuanza. Hakuukumbuka. Sasa ulikuwa mbali na mkono wake, na akitoa kidole, tangi zima litamwagika.

Bupe aliogopa. Akilini alimwona mwanawe sebuleni, moshi ukipanda ngazi. Alijua ni nani wa kumwita, na kinywa chake kilikataa. Tangu aolewe alikuwa hajawahi kumsemesha mtu yule.

Lisilo budi hutendwa.

"Baba," aliita. Sauti ilitoka nyembamba. "Baba, mafuta yanaelekea motoni. Nimekwama huku chini."

Juu, mlango wa chumba ulifunguka. Mzee alikohoa kwa mazoea. Nyayo zikaja mpaka mwanzo wa ngazi, zikasimama hapo, kisha zikaondoka. Mlango wa mbele ukafunguliwa, ukafungwa. Nyumba ikawa kimya.

Ameniacha, Bupe aliwaza. Amekimbia aibu, ameniacha niungue na mwanangu. Alilia huku akiyatazama mafuta yakisogea, na kidole kilikuwa kimekufa ganzi.

Mlango ukafunguliwa tena. Safari hii hapakuwa na kikohozi. Mzee Mwakalinga alishuka ngazi na theluji mabegani, akija moja kwa moja, akimtazama usoni.

"Mtoto yuko kwa Kemunto, yule Mkenya wa jirani," alisema. "Anawapigia simu wazima moto. Mimi nifanye nini?"

"Ziba hapa, Baba."

Kidole kipana cha mzee kikaingia chini ya chake. Bupe aliruka, akafunga gesi ya hita, mwali ukafa. Mafuta yalikuwa yamebakiza upana wa kiganja kuufikia.

Ndipo akakumbuka kuwa kichwa chake kiko wazi, akavuta kanga kujifunika, mikono ikitiririka mafuta, akageuka kupanda ngazi ampishe mkwewe kama inavyopasa.

"Usiondoke," mzee alisema. "Kaa karibu nami, mwanangu. Naogopa."

Bupe akarudi, akaketi kando yake.