Shikamoo Kabla ya Mvua

Leo asubuhi nilikuwa nafukuza kunguru. Ndiyo kazi ninayopewa kila Jumamosi kwa sababu haihitaji kuongea na mtu. Mama ananigeuzia ndoo niikalie pembeni ya dagaa zake alizozianika mchangani, ananipa fimbo, anasema, "Leonia, kunguru akija mpige, bata akija mpige, mtu akija msalimie." Hiyo ya tatu ndiyo inayonishinda.

Mimi nina aibu. Sio ile aibu nzuri ya kuangalia chini halafu watu wanasema binti ana adabu. Yangu ni ugonjwa. Darasani mwalimu akiita majina sisemi "nipo", nanyoosha kidole, na kidole chenyewe kinaishia usawa wa sikio. Mwaka jana niliandikwa mtoro siku tatu nikiwa nimekaa dawati la pili.

Lakini leo nilikuwa na kazi nyingine zaidi ya kunguru. Alhamisi Mélanie alinitumia meseji kwenye simu ya kaka yangu Dismasi: "Leonia, Nyogokuru hali tena tangu Jumapili. Daktari kasema tukae naye tu. Ameomba aone ziwa. Nitumie video ya asubuhi. Fanya haraka ndugu yangu."

Nyogokuru ni bibi yake. Wao ni watu wa Rumonge, Burundi, ziwa hilihili ukipanda juu. Bibi huyo na mama yangu waliuziana dagaa tangu mimi sijazaliwa, kwa hiyo mwaka 2015 walipokimbia walikuja kufikia kwetu Kasingirima. Walikaa miezi mitano. Mimi na Mélanie tulilala kitanda kimoja, na ndiye mtu pekee nje ya ukoo aliyewahi kunisikia nikicheka kwa sauti. Nyogokuru alikuwa anashinda ufukweni na wamama, anageuza dagaa zisizo zake. Halafu wakapelekwa kambini na wenzao. Huko ni bara, mavumbi mekundu na mahema, na kutoka kunataka kibali. Huu ni mwaka wa tatu yule bibi hajaona maji mengi kuliko ya kwenye dumu.

Kwa hiyo nikamwomba Dismasi simu. Akanipa, akasema, "Ikidondoka majini na wewe ingia humohumo, usirudi."

Sasa mtu mwenye akili angewasha simu pale pale alipokaa, akachukua ziwa, akarudi kwa kunguru wake. Mimi nilitaka video isiyo na watu. Kichwani mwangu ziwa zuri ni lile la kwenye kalenda, maji na milima, basi. Watu nao watakuuliza unafanya nini. Uzuri wenyewe sijawahi kuujua, niseme ukweli. Kidato cha kwanza mwalimu Bonaventura alitupa insha ya uzuri wa kwetu, nikaandika kurasa mbili za Dar es Salaam, ambako sijawahi kufika. Akaandika chini kwa wino mwekundu: "Nani kakwambia?"

Nikatembea hadi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, nikasimama juu yake, nikasubiri watu wapite. Ufukwe wetu haujawahi kukosa watu. Akipita mwenye karabai anakuja mwenye nyavu, akipita mwenye nyavu anakuja mtu anayenawa miguu bila haraka kama ana harusi. Huko nyuma kunguru wanakula dagaa za mama. Mwisho nikabonyeza nikaanza, na kwa sababu nilikuwa peke yangu nikapata sauti. Nikaongea kama mtangazaji: "Hili ni Ziwa Tanganyika, lenye kina kirefu na samaki wengi." Yaani namwambia bibi wa Rumonge kwamba ziwani kuna samaki.

Lakini lilikuwa zuri. Asubuhi jua linatokea nyuma yetu, linapiga ng'ambo, milima ya Kongo inakuwa ya bluu mpaka unahesabu mabonde. Nikavuta simu taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Nikaona mlima mmoja umeanza kupotea. Halafu wa pili. Nami nikasema, naomba Mungu anisamehe, "Na ng'ambo ile, milima inajifunika shuka jeupe."

Shuka jeupe! Mtoto wa chekechea hapa kwetu anajua milima ya Kongo ikipotea hivyo una dakika chache tu kabla dagaa zako hazijawa uji. Na sheria ya ufukweni ni moja. Anayeiona mvua kwanza anapiga kelele, "Imvura", na kuanzia hapo hakuna dagaa za mama fulani. Kila mtu anakusanya zilizo karibu na miguu yake, mtagawana baadaye. Ndivyo tunavyoishi. Na leo aliyeiona kwanza, kati ya watu wote walioumbwa na midomo, ni mimi.

Nikafungua mdomo. Ikatoka hewa.

Nikajaribu tena, ikatoka kama mtu anaomba njia kanisani. Hakuna aliyegeuka. Nikasema basi, nimtafute mwenye sauti. Aliyekuwa karibu ni Bibi Eufrasia, ndiye mkubwa kuliko wote pale, ameinama anageuza dagaa zake kwa fagio. Sauti yake ukiwa Buzebazeba unaisikia. Nikakimbia hadi kwake, simu mkononi. Na hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu, kwa sababu mimi nimelelewa na mama yangu, na huwezi kumfuata mama wa Kiha wa umri ule ukaanza kumwambia habari za mawingu. Nikachuchumaa. Nikapiga makofi mawili madogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwakeye." Akaweka fagio chini. Akiweka fagio chini ujue anasalimia kweli.

"Mwakeye, bibi."

"Mmelalaje?"

"Salama."

"Mama yako kaamkaje?"

"Salama. Bibi, kuna..."

"Na kaka yako wa pikipiki, bado anakimbiza vile?"

"Bado. Lakini salama."

"Na yule mbuzi wenu aliyekuwa anaumwa?"

"Tulimchinja."

"Basi na yeye salama."

"Salama, bibi. Nilikuwa nataka kusema..."

"Tulia, sijamaliza, unanikimbiza kama kaka yako. Na mwenzangu, yule bibi wa Rumonge? Alikuwa ananigeuzia dagaa zangu hata sijamwomba, na kunisuta juu yake, eti nazianika zimebebana kama nawafunika wagonjwa. Tangu waende kambini sijapata wa kunisuta vile. Mnamsikia? Anaendeleaje?"

Nikajibu, "Salama."

Sijui kwa nini. Mdomo ulishazoea, ukateleza nao. Mtu hali tangu Jumapili, mimi nasema salama.

"Ashukuriwe Mungu," akasema, akapiga makofi kufunga maamkizi. "Haya, sasa sema. Umekuja na nini?"

"Mvua."

"Mvua gani?"

Tone la kwanza likamdondokea kwenye kilemba.

Alichofanya Bibi Eufrasia sikijui vizuri kwa sababu nilifumba macho. Nilisikia tu "Imvuraaa", na ufukwe mzima ukainuka. Mabeseni, fagio, maturubai, watoto, mbwa. Mzee Gasper aliyekuwa anashona nyavu akatupa sindano akaja anazoa dagaa kwa mikono miwili. Mimi nikazoa kwa mkono mmoja, pamoja na mchanga. Dakika tatu hazikufika, mvua ikashuka yote kwa pamoja. Zilizolowa kuliko zote ni za Bibi Eufrasia, maana wakati wa kuzikusanya alikuwa anauliza habari za mbuzi.

Tukajazana chini ya turubai la mama Catherine. Bibi Eufrasia akasema, "Mvua haikuja ghafla. Huyu mtoto aliiona. Alikuja kuniambia, tukaanza na maamkizi."

Wakalipuka kwa kicheko.

"Yaani aliisalimia mvua kwanza," akasema mama Catherine.

"Na mvua ikamwitikia marahaba."

Mzee Gasper akafuta uso. "Leonia, siku ukiona nyumba yangu inaungua, nakuomba mwanangu, shikamoo utanipa kesho yake."

Mama yangu akajifunika kanga usoni. "Nimezaa mimi huyu," akasema. "Msimtafute mwingine."

Nilitamani mchanga unimeze. Nikasema "nisameheni", na kwa kuwa hakuna aliyesikia ikabidi niseme mara tatu, ikawa kichekesho kingine. Katikati ya kicheko hicho wakaanza kugawana. Kila mmoja akatenga zake, na kila mmoja, kabla ya kufunga beseni, akachota viganja viwili akatia kwenye beseni la Bibi Eufrasia. Hakuna aliyewaambia.

"Muacheni mtoto," Bibi Eufrasia akasema. "Leo nimesalimiwa mpaka mwisho. Nyie shikamoo zenu mnanirushia kama mnamrushia mbwa jiwe."

Ndipo nikaangalia mkononi. Simu ilikuwa bado inarekodi.

Mvua haikukatika siku nzima. Ziwa likawa ukuta wa kijivu, hakuna cha kuchukua. Saa kumi Mélanie akaandika: "Umepata? Analala tu. Akiamka anauliza kama limefika." Anauliza kama ziwa limefika. Na kesho alfajiri Dismasi anampeleka abiria Ilagala, simu anaondoka nayo.

Kwa hiyo video iliyopo ni hiyo moja. Dismasi aliiangalia akacheka hadi akakaa chini. Aliporudiwa na pumzi akasema, "Nikukatie. Nabakisha maji na milima, dakika moja, huku kwingine nafuta. Bibi wa watu ataona ziwa, na wewe utabaki na heshima yako ndogo."

Nikamwambia akate. Akakata, ila nzima nikamwomba asiifute. Nikaingia nayo ndani nikaangalia ile fupi. Nzuri kweli. Maji yametulia, milima ya bluu, halafu kisauti changu kinatangaza samaki. Ingeweza kuwa ziwa lolote lenye msichana mwenye mafua.

Nikaangalia na ile nzima, kwa ajili ya kujitesa tu. Ziwa linapinduka, mchanga unakuja juu, goti langu. Halafu sauti ya Bibi Eufrasia, karibu kabisa, "Na mwenzangu, yule bibi wa Rumonge?"

Nikairudisha. Nimeirudisha mara sita. Mara ya nne nikaiacha iendelee hadi kwenye mvua, nikaona kitu kingine. Simu ilikuwa inaangalia nyuma ya mgongo wangu, na huko nyuma kuna mwanamke anazikusanya dagaa za mama yangu, anazifunika na kanga yake aliyoivua, zake mwenyewe zinalowa. Ni mama Catherine. Hawaongei na mama tangu Pasaka, kisa ndoo. Nimekaa miaka kumi na sita kwenye ufukwe huu nikitaka kuhamia kwenye insha yangu ya Dar es Salaam, na kumbe nilikuwa nasubiri hawa watu wapite ili nipate picha nzuri.

Tatizo ni kwamba ukituma swali la Bibi Eufrasia, inakwenda na ile "salama" yangu. Mgonjwa atanisikia namtangaza mzima. Inakwenda na makofi, na mbuzi, na mzee Gasper. Mélanie kule kambini anaazima simu ya mjomba wake Nduwayo, na huyo mjomba hawezi kuona kitu peke yake. Jumatatu hema zima litakuwa linapeana shikamoo za mvua. Nimefikiria hilo, nikaona afadhali mtihani wa kusoma kwa sauti. Ile fupi nimeifuta mwenyewe, nisije nikajishawishi.

Nimetuma nzima saa nne usiku, kwa bando la Dismasi, naye alikuwa ameshalala. Chini yake nimeandika:

"Mélanie, muwekee sauti kubwa, karibu na sikio. Vumilia mwanzo, pale natangaza. Anayemuulizia ni Bibi Eufrasia. Mimi nilimjibu salama, mwambie Nyogokuru anisamehe, mdomo ulikimbia. Kesho asubuhi nitaenda nimwambie ukweli, na nitaanza na huo ukweli kabla ya shikamoo. Wale wengine wanaocheka ni wamama wote. Wananicheka mimi, sio yeye. Ukiweza nijibu hata neno moja tu, kama ameona."

Ikaweka tiki moja. Labda mjomba kazima simu, huko chaji ni ya kupanga foleni. Labda mtandao, na kwao nako mvua inanyesha. Dismasi anaondoka saa kumi na moja. Sasa ni saa saba na dakika kumi, nimeifungua tena, tiki ni ileile moja.