Leseni ya Kurudisha Miguu

Nina ugonjwa mmoja: siwezi kuona kitu kimefungwa nikakiacha. Ndiyo maana nikawa fundi wa kompyuta, na ndiyo maana mke wangu huficha zawadi zangu nyumbani kwa dada yake. Kwa hiyo Shangazi aliponipigia kusema kompyuta ya karakana imekufa, sikusikitika kama mtu mwenye adabu. Nilibeba begi la bisibisi nikatoka mbio.

Shangazi hutengeneza viatu vya watu ambao miguu yao hailingani. Mmoja mfupi, mmoja mrefu, au unyayo umepinda, au vidole havipo. Kila mteja ana kalibu yake, yaani umbo la mguu lililochongwa kwa mbao, ambalo kiatu hushonewa juu yake. Zamani alizichonga kwa mkono. Baadaye akanunua mashine ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta, akaingiza humo vipimo vya kila mguu aliowahi kuushika.

Kisha akaugua. Alipokuwa amelazwa, mchwa waliingia stoo wakazila kalibu zote, na walipomaliza kalibu wakaanza rafu. Shangazi alipoambiwa hakutoa hata chozi. Alisema miguu yote imo kwenye kompyuta, mashine itachonga upya. Akarudi kazini na mkono wa kulia uliolegea, akaiwasha kompyuta, ikagoma.

Nilimkuta amekaa nyuma ya meza yake, shuka limemfunika mapajani, mafundi wake wawili wa kushona wamekaa bila kazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Mimi usinijulie hali. Mjulie huyo." Akaelekeza kidevu kwenye kompyuta.

Diski ilikuwa inagonga ndani kwa ndani, tk, tk, tk. Sauti hiyo naijua. Nikamwambia ukweli, kwamba imekwisha. Hakushtuka. Alivuta droo akatoa diski ya nje iliyofungwa kwenye kitambaa cha flana.

"Nakala ziko huku. Kila Ijumaa kabla ya kufunga. Hata nilipokuwa hospitali, hawa walinifanyia."

Nilitaka kumbusu. Wateja wangu wengi, ukiwauliza habari za nakala, hukutazama kana kwamba umewauliza siri za ndoa. Nikaichomeka diski kwenye kompyuta yangu ya mapajani, nikaona faili moja kubwa, zito, lenye mkia wa jina nisioujua. Lilitengenezwa na programu iitwayo Pacha. Pacha haikuwa ikinakili faili moja moja. Ilichukua diski nzima, programu, picha, vumbi na yote, ikaikandamiza kuwa faili moja ambalo Pacha pekee ndiye aliyejua kulifungua.

"Shangazi, hii Pacha yenyewe iko wapi?"

"Imo humo."

"Humo wapi?"

"Kwenye nakala. Pamoja na namba ya leseni. Niliviweka vyote mahali salama."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Ufunguo alikuwa ameufungia ndani ya kasha. Hilo ni kosa la watu makini tu. Mzembe hafiki huko, maana hana hata kasha. Shangazi alinikata jicho nikajikaza.

"Si tuwapime tu upya?" nikauliza.

Aliinua mkono wa kulia akautazama kama mali ya mtu mwingine. "Mguu haupimwi kwa futi kamba, baba. Unaukanda kwa plasta mbichi, unasikia kwa vidole pale mfupa unapolalamika. Hivi vidole havisikii tena. Faili hilo lisipofunguka, nafunga karakana. Na wengine humu hawatapata kiatu kwa mtu mwingine."

Niliitia diski begini nikaaga; hakuinuka. Hilo liliniuma, nakiri. Tangu utotoni Shangazi alikuwa akinisindikiza mpaka kona ya barabara, tena kwa mwendo wake wa mtu anayedaiwa, mimi nyuma nikihema. Safari hii alinipungia mkono akiwa kitini. Nikajisemea labda nimemkera kwa kile kicheko.

Basi nikaanza kumsaka Pacha. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeshafungwa, na tovuti yake sasa inauza magodoro. Nilizunguka mabaraza ya mafundi mtandaoni, nikasoma malalamiko ya watu waliokwisha kata tamaa muda mrefu. Mahali pamoja nikapata Pacha iliyovunjwa kufuli, ya bure, anayetaka ajichukulie. Nikajichukulia. Kufika mchana, kompyuta ya dukani kwangu ilikuwa inafungua yenyewe matangazo ya dawa za kupunguza kitambi, na nakala ya Shangazi imebaki vilevile imefumba mdomo. Bahati nzuri nilikuwa nimechukua tahadhari ya kulinakili faili kwanza, diski yake yenyewe sikuigusisha.

Nilimsimulia Shangazi kwa simu nikidhani atacheka.

"Programu ile niliinunua kwa jasho langu," akasema. "Siwezi kuingia nyumbani kwangu kwa kupitia dirishani. Mtafute mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo. Kampuni imekufa."

"Kampuni hazina roho, baba. Zina watu. Mtafute mtu."

Pacha halali niliipata kwa muuza magazeti ya zamani. Miaka ile magazeti ya kompyuta yalikuja na sidii ya zawadi iliyobandikwa kwenye jalada, na huyu bwana alikuwa amezichomoa sidii zote akazitundika juu ya meza yake kufukuzia ndege. Nilisimama chini yake nikisoma moja moja shingo ikiniuma, mpaka nikaona jina. Aliiteremsha huku akiniangalia kwa huruma.

Iliwaka. Ikaona faili la Shangazi, ikataja ukubwa wake na tarehe yake. Nikabonyeza kurudisha. Likatokea dirisha dogo: *Toleo hili la majaribio linatengeneza nakala lakini halirudishi. Tafadhali weka namba ya leseni.* Sijawahi kutukanwa kwa heshima kiasi kile.

Ila kwenye ukurasa wa msaada palikuwa na namba ya simu. Nikapiga bila matumaini. Akapokea mwanamke, nyuma yake kuku wanapiga kelele.

"Chakula cha kuku, karibu."

"Samahani mama, natafuta watu wa Pacha."

Akashusha pumzi ndefu. "Jamani, bado mnamsumbua? Huyo ni kaka yangu. Aliniachia laini akaniachia na nyinyi. Hakuna anayetaka kuku hata mmoja kati yenu." Akanipa namba yake mpya, na akaniuzia mfuko wa pumba ambao mpaka leo sijui niufanyie nini.

Kaka mtu nilimfuata hukohuko kazini kwake, kwenye kitalu cha miche. Alikuwa mwembamba, suruali imejaa matope magotini, akipanga vimiche vya mipapai kwa safu zilizonyooka kama mistari ya programu. Nilimweleza habari yote. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Sitoi namba," akasema.

"Nitalipa."

"Si pesa. Wanaonitafuta siku hizi ni wa aina mbili. Wapo waliopoteza vyao, na wapo waliookota diski za wenzao wanataka kuchungulia. Wote wanakuja na shangazi mgonjwa."

Nilihisi masikio yanapata moto, maana mimi kuchungulia ndiyo kilema changu hasa. Nikamuuliza atajuaje basi nani ni nani.

Akafuta mikono. "Sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Tukimuuzia mtu leseni, hatukumwacha mpaka atengeneze nakala, halafu arudishe faili moja, mimi nikiwa naye kwenye simu. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni imani tu. Nilikuwa nawaambia: chagua faili ambalo likipotea umekwisha. Mwenye mali huchagua haraka, na hasahau alichochagua. Mimi pia sisahau, kwa sababu watu huchagua vitu vya ajabu. Mpigie huyo shangazi."

Nikapiga, nikampa simu. Alimsalimia, akamwuliza kazi yake, kisha akasema, "Siku ile ulirudisha faili gani?" Akasikiliza. Uso wake ukabadilika. Akageuka akatazama mipapai, akaongea kwa sauti ya chini maneno ambayo sikuyapata, ingawa nilisogea nikijifanya navutiwa na mche. Aliponirudishia simu alikuwa anatabasamu.

"Ni yeye. Nitatengeneza namba ya kompyuta moja, ya kurudisha tu. Mkishatoa vitu vyenu msiitumie tena Pacha, mimi siwezi kuitunza. Tafuteni programu yenye mtu wa kuilea. Na safari hii ufunguo mkauweke nje."

"Alisema faili gani?"

"Namba moja," akajibu, akainamia miche yake.

Njia nzima nilikuwa naiwaza hiyo namba moja. Nilifikiria mteja wa kwanza, tajiri fulani. Nilifikiria mchumba wa zamani mwenye mguu mbaya, maana Shangazi hakuolewa na hakuna anayejua kwa nini. Kufika karakana nilikuwa nimeshamwoza na kumpa talaka.

Shangazi alimlipa yule bwana bei ileile ya zamani, punguzo alilopewa akalikataa. Namba ikaja kwa ujumbe. Kompyuta ya karakana nilishaitia diski mpya na ile Pacha ya sidii, nikaiandika namba huku mafundi wakiwa wamesimama nyuma yangu wananipumulia shingoni. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ukasimama katikati kwa muda uliotosha mimi kuahidi kuacha tabia zangu zote mbaya, halafu ukaendelea mpaka mwisho. Dirisha likafunguka, na humo ndani miguu yote ilikuwapo, imepangwa kwa namba, wa kushoto na wa kulia. Fundi mmoja akakaa chini akafunika uso.

Shangazi hakusogea kitini. "Anza na namba moja," akasema.

Nikaifungua. Kwenye skrini ukatokea mguu wa mwanamke, mdogo, mwembamba, kisigino kimenyanyuka, na pembeni kipimo cha soli ya kuongezea, nene kuliko kiganja changu. Juu yake palikuwa na jina la mteja. Lilikuwa jina la Shangazi.

Niligeuka. Nililitazama lile shuka mapajani, na chini ya meza, viatu vyake vyeusi nilivyozoea kuviona tangu utoto, ambavyo sikuwahi kuvitazama. Soli ya kimoja ilikuwa imepasuka vipande viwili, imefungwa kwa utepe wa gundi.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Ulidhani kazi hii nilijifunzia kwa mguu wa nani?"

"Baba anajua?"

"Baba yako ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kwenda shule. Nilimwambia siku nikitengeneza kiatu changu mwenyewe asimwambie mtu tena. Hajasema." Akalivuta shuka vizuri. "Mashine hiyo, baba. Mbao zipo."

Nilitaka kumwomba radhi kwa kununa kwangu, lakini alikuwa ameshaigeukia mashine. Nikaweka gogo kwenye mashine, nikabonyeza, vumbi la mbao likaanza kuruka. Kisigino kikatokea kwanza. Shangazi alikaa akikitazama kinavyotoka, mkono ule mbovu umelala juu ya meza.

Mafundi walishona kwa zamu, wakaacha kazi nyingine zote. Nilirudi viatu vilipokuwa tayari, nikaleta programu mpya ya nakala, na leseni yake nikaigongomea ukutani ndani ya fremu, ambapo hata mchwa ataisoma kabla ya kuila. Tulikunywa chai. Nikaaga.

Shangazi aliinuka. Alitoka mlangoni mbele yangu, akashika njia ya barabarani kwa mwendo wake uleule, na mimi nyuma nikihema mpaka kona.