Chupa ya Nusu Lita

Binti yangu ana miezi kumi, na nyumbani tunamwita Kibonge kwa yale mashavu. Asubuhi ile mashavu yalikuwa yameanza kushuka. Alikuwa ameharisha mara sita, maji matupu.

"Acha kumpa maji," mama mkwe aliniambia huku akifua nepi. "Kinachoingia juu kinatokea chini saa hiyohiyo."

"Mama, atakauka."

"Nimelea saba mimi."

Nilichukua pakiti ya ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji, niliyopewa zahanati siku ya chanjo. Imeandikwa: maji safi lita moja. Kusoma nimejifunza ukubwani, darasa la jioni, na sasa hata maandishi ya kwenye gunia hayanipiti. Lakini nilimtazama mwanangu, nikaona lita nzima itaizimua dawa. Nikamimina pakiti yote kwenye chupa ya nusu lita. Iwe kali, imponye upesi.

Kibonge alimeza vijiko viwili, akakunja uso, akatapika. Akalia, na sikuona machozi. Hapo nilimfunga mgongoni nikatoka mbio kwenda zahanati, mama mkwe nyuma yangu na mfuko wa nepi.

Nesi aliibana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachia. Ilibaki imesimama, kisha ikashuka taratibu, kama kitambaa kilichochoka. Akatazama macho yaliyozama. Akauliza kama choo chake kina damu. Hapana.

"Umempa nini?"

Nikaitoa chupa, tena kwa majivuno.

"Humu kuna pakiti ngapi?"

"Moja."

"Nzima? Mama, hii ni nusu lita! Chumvi ikizidi inamdhuru. Hukusoma?"

Ningesema sijui kusoma, angeniamini. Miaka mitatu nyuma ungekuwa ukweli.

"Nilisoma, dada. Nilitaka iwe kali."

Hakunigombeza. Aliimwaga, akachanganya pakiti mpya kwenye jagi la lita moja. "Kijiko kimoja kila dakika. Akitapika, subiri dakika kumi, uanze tena polepole. Ziwa usimnyime. Akilegea akashindwa kunywa, au ikifika saa nane hajakojoa, tunamtundikia dripu."

"Na yakitoka chini?" mama mkwe akauliza.

"Yatatoka, bibi. Sisi tunarudisha kinachopotea. Mtoto huuawa na kukauka."

Nesi akanikabidhi jagi na kijiko. Nilimnywesha kwa pupa, nusu ya kijiko ikaishia shingoni mwa mtoto.

"Lete," akasema. Akampakata Kibonge, akashika kijiko. Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo. Kijiko. Dakika. Kijiko.

Ilipofika saa sita alisema, bila kuniangalia, "Nimelea saba. Nilizaa tisa."

Sikuwahi kuambiwa.

"Wale wawili waliharisha. Tuliwanyima maji. Ndivyo tulivyoambiwa." Kijiko hakikusimama.

Nesi alipopita alituuliza uji wa mtoto unapikwa saa ngapi. Alfajiri, nikasema, kabla sijaenda kiwandani kushona, na hukaa kwenye bakuli mpaka mchana. Akatikisa kichwa. Upikwe kidogo, uliwe ungali moto. Maji ya kunywa yachemshwe. Na mikono, kila tukitoka chooni, kila tukimbadilisha nepi, kila kabla ya kumlisha: maji na sabuni.

Saa nane kasoro dakika kumi mama mkwe alishtuka, akainua nepi, akatazama gauni lake. Limelowa mapajani.

"Kanikojolea," akanong'ona.

"Nikushikie, ukajifute?"

"Thubutu! Hapa siondoki." Machozi yalikuwa yakimshuka mpaka kidevuni. "Kojoa, mke mwenzangu. Kojoa tena, nguo zitafuliwa."

Tuliruhusiwa jioni, na pakiti mbili na vidonge vya zinki vya siku kumi, tusikatize hata akiacha kuharisha.

Kesho yake nilikuta kipande cha sabuni kinaning'inia mlangoni mwa choo, ndani ya wavu wa gunia la vitunguu. Jikoni mama mkwe alikuwa na sufuria ya maji yaliyochemka na kupoa, na ile chupa yangu ya nusu lita, imeoshwa. Aliijaza akamimina kwenye jagi. Akaijaza mara ya pili, akamimina.

Kisha akanipa pakiti mkononi.

"Soma, mwanangu," akasema. "Soma mpaka mwisho, nakusikiliza."